Umri wa uongo: kwa nini usimamizi wa simu ya mtoto hushindwa kabla haujaanza

Simu nyingi zilizo mikononi mwa watoto wetu hazijui kwamba zimeshikwa na watoto. Mzazi ananunua Tecno au Infinix Kariakoo, au anampa mwanawe ile ya zamani baada ya kujinunulia mpya, na simu haijatoka dukani kijana wa pale ameshauliza: "Nikufungulie na Gmail kabisa?" Anaifungua kwa dakika mbili. Penye tarehe ya kuzaliwa anaandika chochote, tuseme 1 Januari 1990, ili Google isimletee maswali mengi. Nywila anaiandika nyuma ya risiti, na risiti haimalizi wiki. Kuanzia siku hiyo binti wa darasa la sita ni mtu mzima mbele ya Play Store na mbele ya YouTube. TikTok nayo ikimuuliza amezaliwa lini, ataandika mwaka ule ambao rafiki zake wamemwambia unakubali.

Miezi kadhaa baadaye mzazi anasikia redioni kwamba programu hizi zina sehemu za kuwalinda watoto. Anazitafuta, anazikuta, anabonyeza hapa na pale, haoni tofauti. Anahitimisha kwamba vitu hivi vimetengenezewa Wazungu. Kumbe vinafanya kazi vizuri tu, ila vimeambiwa kwamba huyu si mtoto.

Ndiyo maana lile swali la wazazi wengi, "nimwekee programu gani ya kumlinda?", naona limeruka hatua. Karibu ulinzi wote ambao kampuni za mitandao zimewawekea watoto unawashwa na tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa siku akaunti inafunguliwa. Tarehe ikiwa ya uongo, kila kilichojengwa juu yake kinalala. Kabla ya kutafuta programu ya kuongeza, inafaa mzazi ajue hiyo iliyopo inamhesabia mwanawe miaka mingapi.

Miaka 13 ilitoka wapi

Umri wa miaka 13 unaoukuta Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat haukuwekwa na madaktari wa watoto wala walimu. Umetoka kwenye sheria ya Marekani ya mwaka 1998, maarufu kwa kifupi COPPA, iliyoanza kutumika Aprili 2000, miaka minne kabla Facebook haijazaliwa. Sheria hiyo inahusu taarifa binafsi. Inazuia kampuni za mtandaoni kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi inayoweza kuthibitishwa. Kupata idhini ya namna hiyo ni kazi na ni gharama, kwa hiyo kampuni nyingi zikaona nafuu kuandika kwamba walio chini ya 13 hawaruhusiwi, kisha kumuuliza mtumiaji amezaliwa lini na kuamini jibu lake.

Kwa hiyo mtoto anapotimiza miaka 13, kilichobadilika ni kwamba kampuni inaweza kuanza kukusanya taarifa zake bila kumtafuta mzazi. Hakuna aliyepima kama akili yake iko tayari kwa Instagram. Nimewasikia wazazi makini kabisa wakisema "bado hajafika umri" au "sasa ameruhusiwa" kana kwamba namba ile ni ushauri wa daktari.

Kampuni zenyewe hazikuamka zikawa na huruma. Mwaka 2019 mamlaka za Marekani ziliitoza TikTok dola milioni 5.7 kwa makosa ya Musical.ly, programu iliyoitangulia, na mwaka huohuo zikaitoza Google pamoja na YouTube dola milioni 170, zote kwa kukusanya taarifa za watoto kinyume cha COPPA. Huko Ulaya, mamlaka ya Ireland iliitoza Instagram euro milioni 405 mwaka 2022 na TikTok euro milioni 345 mwaka 2023. Katika kesi ya TikTok limo jambo linalotugusa moja kwa moja: ile huduma ya kuunganisha akaunti ya mzazi na ya mtoto ilikuwa inamruhusu mtu mzima kujiunga na akaunti ya mtoto bila yeyote kuthibitisha kwamba kweli ni mzazi wake.

Chini ya shinikizo hilo vikaanza kuja vizuizi vinavyojiwasha vyenyewe. TikTok iliwafungia walio chini ya miaka 16 ujumbe wa faragha mwaka 2020, na Januari 2021 ikazifanya akaunti zao ziwe za faragha tangu zinapofunguliwa. Septemba 2024 Instagram ikatangaza akaunti maalumu za vijana: akaunti ni ya faragha, asiyemfuata hawezi kumtumia ujumbe ovyo, arifa zinanyamaza kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi, na aliye chini ya miaka 16 hawezi kulegeza vizuizi hivyo bila mzazi kukubali. Ni vitu vizuri. Hakuna hata kimoja kinachomwakia aliyezaliwa 1990.

Australia ndiyo nchi iliyosema waziwazi kwamba mfumo wa kuamini tarehe umeshindwa. Sheria yake ilianza kufanya kazi 10 Desemba 2025. Aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii, na mzigo wa kuhakikisha hivyo umewekwa juu ya kampuni, na faini inaweza kufika dola za Australia milioni 49.5. Mzazi wala mtoto haadhibiwi. WhatsApp haimo katika marufuku hiyo, jambo ambalo huku kwetu lingeacha nje sehemu kubwa ya tatizo, nitaeleza kwa nini.

Kwetu sheria zimeanza upande wa taarifa. Kenya, kifungu cha 33 cha sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 kinadai idhini ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijachakatwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo imeziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi wao. Wazazi tunaorusha picha za mtoto akiwa na sare, jina la shule likisomeka kifuani, tungeifikiria kidogo faini ile.

Kurekebisha

Njia safi ni kuiacha akaunti ya kijana wa duka na kumfungulia mtoto nyingine, mzazi akiwa ndiye mfunguaji. Unaondoa akaunti ya zamani kwenye simu, ikibidi unaifuta simu yote, kisha unatumia Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, ambayo ni bure na ipo tangu 2017. Unaiweka kwenye simu yako, unaandika jina la mtoto na tarehe yake ya kweli, halafu unaiingiza akaunti hiyo kwenye simu yake. Kwa mwenye iPhone, kazi hiyo inafanywa na Screen Time ikishirikiana na Family Sharing, vyote vikiwa ndani ya mipangilio. Hata simu ya mzazi ikiwa iPhone na ya mtoto Android, Family Link inakubali.

Kuhariri tarehe ya akaunti iliyopo kunawezekana pia, lakini ukiandika umri wa chini ya 13, Google itakudai uiweke akaunti chini ya usimamizi wa mzazi, la sivyo itaifunga. Kwenye TikTok tarehe haibadilishwi kirahisi ukishaiandika, na mtoto wa miaka 11 akijulikana umri wake, akaunti inaondolewa kabisa. Hapo ndipo mzazi anapokutana na gharama halisi ya kusema ukweli: binti atapoteza wafuasi wake, video zake, na usiku ule nyumba haitakalika. Sioni njia ya kulikwepa hilo. Naona tu ni heri likatokea akiwa na miaka 11 kuliko 14.

Ukishaweka, Family Link inakupa nini? Inaonyesha muda aliotumia katika kila programu, inakuwezesha kuweka kikomo cha siku na saa ya kulala, kuidhinisha au kukataa kila programu anayotaka kupakua Play Store, kuzuia tovuti, na kuona simu iko wapi, mradi iwe imewashwa na ina bando. Vikomo ulivyokwisha kuweka vinabaki bando likiisha, ila maagizo mapya yatangoja mpaka simu iingie tena mtandaoni. Hailazimu mkae nyumba moja. Mama aliyeko kazini Muscat anaweza kuidhinisha mchezo uliopakuliwa Tanga, na hii kwa familia ambazo watoto wamebaki na bibi ni msaada mkubwa, kwa sababu bibi hawezi kushindana na mjukuu kwenye mipangilio ya simu.

Isichokupa ni mazungumzo. Family Link haisomi ujumbe wa mtu, haijui ndani ya TikTok mtoto ameangalia nini, haioni aliyemwandikia. Inajua kwamba amekaa WhatsApp saa mbili na nusu, basi. Kwa hiyo TikTok na Instagram zina usimamizi wao wa ndani, unaowashwa kwa kuunganisha akaunti ya mzazi na ya mtoto. Mzazi asiye na akaunti ya TikTok itabidi afungue, na nimeona baba mmoja aliyeifungua kwa ajili hiyo akawa yeye ndiye wa kuambiwa alale. Kwa TikTok utaweza kupanga muda, kuchuja video zenye maneno fulani, kuamua nani amwandikie. Kwa Instagram utaona orodha ya watu aliowasiliana nao ndani ya siku saba zilizopita, bila kusoma walichoandikiana. Mtoto ana uwezo wa kukata uunganisho wa TikTok, na akifanya hivyo mzazi hupata taarifa. Taarifa hiyo nayo ni habari.

Kitu kimoja cha kufunga mapema ni programu zisizopitia Play Store. Huku kwetu watoto wanarushiana programu kwa Xender na kwa WhatsApp kama walivyokuwa wakirushiana nyimbo, na hiyo ndiyo njia ya GBWhatsApp, WhatsApp ya kughushi inayopendwa kwa sababu inaficha kwamba uko mtandaoni na inaonyesha ujumbe uliofutwa. Kampuni yenyewe haiitambui na hufungia namba zinazoitumia. Aliyeitengeneza hana wa kumwajibisha. Family Link ina sehemu ya kuzuia programu kutoka vyanzo visivyojulikana, ihakikishe imezuia.

Simu ya watu wanne

Maelezo yote hayo yanadhani mtoto ana simu yake. Nyumba nyingi hazina hali hiyo. Ipo simu ya mama, na mtoto wa miaka mitano anaangalia katuni kwayo, wa miaka tisa anacheza mchezo, dada yao wa kidato cha pili anaingia WhatsApp ya darasa kuchukua kazi za likizo, na jioni mama anairudisha kuuza vitenge. Family Link haikubuniwa kwa maisha haya.

Kinachosaidia hapa ni vitu vidogo. Play Store ina udhibiti wa wazazi unaofungwa kwa namba ya siri: unachagua daraja la umri, na programu zilizozidi daraja hilo hazipakuliki kwenye simu hiyo hata kama akaunti ni yako mtu mzima. Ununuzi nao uwe unadai nywila kila mara. Simu nyingi za Android zina uwezo wa kubandika programu moja kwenye skrini, ili mtoto uliyempa katuni asiweze kutoka kwenda kwingine bila namba yako. Na baadhi ya matoleo yanaruhusu watumiaji wawili, kila mmoja na picha zake na programu zake.

Lipo jambo lingine kwenye simu ya pamoja ambalo halisemwi sana. YouTube na TikTok zinajifunza kutokana na kila anayeishika. Baba akiangalia mapigano ya ngumi na vichekesho vya watu wazima saa tano usiku, asubuhi mtoto aliyetafuta katuni ataletewa vya baba. Watoto wengi wamekutana na mambo ya ajabu kwa njia hiyo, na hawakuyatafuta. Kusimamisha historia ya kuangalia, au kuwapa watoto YouTube Kids peke yake na kuificha YouTube ya kawaida, kunapunguza hilo.

Halafu laini. Tanzania laini inasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, ambacho mtoto hana, kwa hiyo laini anayoitumia imesajiliwa kwa jina la mtu mzima, na mara nyingi ni mzazi. Mbele ya mtandao wa simu, kila kinachofanywa na namba ile umekifanya wewe. Kamari inaruhusiwa kwa wenye miaka 18 na kuendelea, na akaunti ya kubeti hufunguliwa kwa namba ya simu, kwa hiyo kijana wa miaka 15 anayecheza Aviator kwa laini ya mama yake ni mama anayecheza Aviator. Mikopo ya haraka ya simu hufuata njia hiyohiyo. Mzazi akitaka kuangalia kitu kimoja tu kila mwezi, aanze na taarifa ya miamala ya laini ile. Inasema mengi kuliko historia ya intaneti, na mtoto hawezi kuifuta.

WhatsApp, ambako mambo yapo

Makala nyingi za kigeni kuhusu jambo hili zinaishia TikTok na Instagram. Kwetu sisi mtoto anaweza asiwe na hizo zote mbili lakini WhatsApp anayo, kwa sababu shule yenyewe imemwambia awe nayo. Grupu la darasa, grupu la masomo ya ziada, grupu la kwaya au la madrasa. Na kutoka kwenye grupu la darasa lenye mwalimu hutokea grupu jingine lisilo na mwalimu, hilo ndilo lenye stika, matusi, picha za mtoto wa darasa B, na zile video za ngono ambazo vijana wanaziita koneksheni.

Tangu 2016 mazungumzo ya WhatsApp yamefungwa kwa usimbaji ambao hata kampuni yenyewe haiwezi kuyasoma. Ni ulinzi mzuri kwa mtu mzima, na kwa mzazi maana yake ni kwamba hakuna mchujo wowote utakaosimama kati ya mtoto na aliyemtumia video. Juu yake zikaja jumbe zinazojifuta, picha za kuonekana mara moja, na kuanzia 2023 uwezo wa kufungia mazungumzo fulani kwa nywila. Simu nyingi za Tecno na Infinix zinaweza pia kutengeneza WhatsApp ya pili, na kuficha programu nzima. Mzazi anayepekua simu ya kijana wa miaka 15 dakika kumi kila Jumapili anaona kile kijana alichomwachia aone.

Mipangilio miwili inafaa kuwekwa siku ya kwanza. Moja ni ya nani anaweza kumwongeza kwenye makundi: iwe ni watu walio kwenye orodha yake ya namba tu, maana bila hivyo yeyote mwenye namba yake anaweza kumtumbukiza kwenye grupu la watu 500. Nyingine ni picha ya wasifu na hali, zionekane na wanaojulikana tu. Pia zima upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video. Utaokoa bando na utamwokoa mtoto na kukuta kwenye albamu yake kitu ambacho hakukifungua.

Nasisitiza watu wanaojulikana, lakini hapa pana mtego. UNICEF, ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa kingono wa watoto) na INTERPOL walifanya utafiti katika nchi kadhaa, na ripoti ya Tanzania ilitoka 2022. Ilikadiria kwamba katika mwaka mmoja asilimia 4 ya watumiaji wa intaneti wenye miaka 12 hadi 17 walifanyiwa ukatili wa kingono mtandaoni ulio dhahiri, kama watoto 200,000 hivi. Na mara nyingi aliyefanya hivyo ni mtu ambaye mtoto alikuwa akimfahamu tayari. Picha iliyomo vichwani mwetu ni ya Mzungu wa mbali mwenye akaunti feki, wakati namba ya mhusika imo kwenye simu ya mtoto kwa jina la anko. Hakuna mpangilio wa faragha unaomzuia mtu ambaye familia nzima inamkaribisha chai. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba watoto wengi hawakumwambia mtu mzima yeyote, na wachache waliosema walimwambia rafiki.

Kusimamia kwa siri

Hapo ndipo wazazi wengine wanapoamua kuchungulia. Njia ya bei rahisi ni kuunganisha WhatsApp ya mtoto na kompyuta ya mzazi wakati amelala. Inafanya kazi mpaka mtoto afungue orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na wanaijua vizuri orodha hiyo kwa sababu wanaitumia kuchunguliana wenyewe kwa wenyewe. Njia ya bei kali ni programu za upelelezi zinazouzwa kwa wazazi zikiahidi kusoma kila kitu. Programu hizi hunakili ujumbe, picha na mahali alipo mtoto na kuvipeleka kwenye seva za kampuni. mSpy, iliyo maarufu kuliko nyingi, imevujisha taarifa mwaka 2015, ikarudia 2018, na tena 2024. Mzazi anajikuta amelipa ili picha za mwanawe zikae mahali pasipolindwa.

Mimi msimamo wangu ni huu. Kwa mtoto wa chini ya miaka 12, simu ikaguliwe, na ajue inakaguliwa, na nywila iwe ya wote. Hakuna haja ya aibu wala ya siri. Kwa wa miaka 15 upekuzi wa siri una kasoro moja inayouharibu wote: ukigundua kitu huwezi kukizungumza bila kusema umekijuaje, na ukisema, kesho yake anatumia simu ya rafiki. Simu ya rafiki haina Family Link yako. Na yule anayemtishia kijana kwa picha zake huwa anategemea jambo hilohilo, kwamba kijana anaogopa kunyang'anywa simu kuliko anavyomwogopa yeye. Familia iliyosema wazi mapema kwamba "ukija kuniambia, simu sikunyang'anyi" imemwondolea mtu huyo silaha. Ni ahadi ngumu kutimiza siku yenyewe ikifika, nakubali.

Shule za bweni zinatuchanganya zaidi. Miezi mitatu kijana hana simu kabisa, kisha likizo anapewa yote kwa mpigo, bando la mwezi, hakuna ratiba, "acha naye apumzike". Hakuna umri wala programu iliyobuniwa kwa mtindo huo.

Mchujo wa mtandao, na VPN

Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina sehemu inayoitwa DNS ya faragha, ndani ya mipangilio ya mtandao. Ukiandika pale family.cloudflare-dns.com, tovuti za ngono na zile zinazojulikana kwa virusi zitakataa kufunguka, iwe kwa bando au kwa Wi-Fi ya jirani. Ni bure, haipunguzi kasi, na inachukua dakika moja. Kwa simu ya pamoja ni zawadi. Ila inachuja tovuti nzima, haiwezi kuingia ndani ya programu. X tangu 2024 inaruhusu rasmi picha za ngono, na Telegram ina chaneli za kila aina. Mchujo huu hautenganishi kizuri na kibaya ndani yao.

Na inarukwa kwa VPN, programu inayopitisha intaneti ya simu kwenye kompyuta ya mtu mwingine ili kukwepa vizuizi. Tanzania, X ilipofungiwa Mei 2025, vijana wengi walijifunza VPN ndani ya wiki moja, na wadogo zao wakajifunza kwao. Mtoto mwenye VPN ya bure hapiti kwenye mchujo wako, na zaidi ya hapo mwenye VPN hiyo, ambaye humjui, ndiye anayeona tovuti anazozitembelea. Ukiikuta, uliza kwanza aliiweka kwa ajili gani. Pengine alitaka tu kuona mjadala wa mpira.

Kuhusu muda sina mengi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikae mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Kwa wakubwa, mganga mkuu wa Marekani mwaka 2023 alionya kwamba vijana wanaozidisha saa tatu kwa siku mitandaoni wana hatari maradufu ya dalili za sonona na wasiwasi, ingawa wanasayansi bado wanabishana kipi kilitangulia, mitandao au huzuni. Saa ya kulala ndiyo naona ina faida ya haraka: simu ilale sebuleni, na ya mzazi pia.

Likishatokea

Mtoto ametuma picha, na sasa anatishiwa. Usilipe, maana anayelipa mara ya kwanza huombwa mara ya pili. Usifute mazungumzo. Hifadhi jina la akaunti, namba, tarehe na maneno ya vitisho. Namba 116 ni ya bure kwa Tanzania, Kenya na Uganda, na anayepokea amezoea kuzungumza na watoto. Tanzania, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Usiisambaze picha yenyewe hata kwa nia njema. Kila baada ya muda hupita kwenye magrupu ya wazazi video ya mwanafunzi ikiwa na maneno "jamani huyu mtoto ni wa nani, tumsaidie". Chini ya kifungu cha 13 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kusambaza picha za ngono za mtoto ni kosa la jinai, na sheria haina msamaha wa aliyesikitika. Ripoti ujumbe huo ndani ya WhatsApp, mwambie msimamizi wa grupu aufute, kisha futa.

Kwa picha zilizopo au zinazotishiwa kuwekwa mitandaoni ipo huduma ya bure iitwayo Take It Down, iliyoanzishwa Februari 2023 na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na kunyanyaswa, NCMEC, na inapokea maombi kutoka nchi yoyote. Mtoto au mzazi anaichagua picha kwenye simu, mfumo unatengeneza alama ya kidijitali ya picha hiyo, na alama ndiyo inayopelekwa kwa Facebook, Instagram, TikTok, Snapchat na wengine waliojiunga. Picha yenyewe haitoki kwenye simu. Hawaulizi jina. Mitandao hiyo ikikutana na picha yenye alama ileile inaizuia au inaiondoa. Haifiki kwenye mazungumzo yaliyosimbwa, kwa hiyo WhatsApp imebaki nje, na kwa huko njia ni ileile ya kuripoti na kumfuata aliyeituma.